Kijana Hakimbii Jembe, Anakimbia Shamba Lisilo na Mkataba

Leo naomba tuweke pembeni kidogo mbolea, viuatilifu na bei za sokoni. Nataka tuongee jambo ambalo naulizwa karibu kila kijiji ninachopita huku Kilimanjaro, na ambalo nyie vijana mnaolima kibiashara mnalijua vizuri kwa sababu wengi wenu mnalipitia sasa hivi. Ni kitu gani kinamfanya kijana akubali kuliendeleza shamba la familia?

Wazee huniuliza kwa lawama: "Bwana shamba, hawa watoto wa siku hizi hawataki kilimo. Wanataka simu na pikipiki." Ukimuuliza mzee sababu, atakwambia ni uvivu, shule zimewaharibu, mji umewateka.

Mimi sikubaliani nao, ila kwenye neno moja wako sahihi: pikipiki. Tukiielewa vizuri hiyo pikipiki, tutakuwa tumepata jibu la swali lote.

Pikipiki ya mkataba inatufundisha nini

Wote tunaijua boda ya mkataba. Tajiri ananunua chombo, anampa kijana. Wanakubaliana kijana alete kiasi gani kwa siku, na kwa muda gani. Akimaliza, chombo kinakuwa chake na kadi inabadilishwa jina. Viwango vinatofautiana, lakini tupige hesabu ya mfano: shilingi 10,000 kwa siku, siku sita za wiki, kwa wiki 60. Hiyo ni shilingi 3,600,000. Ni hela nyingi, na kijana anajua kabisa kwamba kwa bei hiyo tajiri anapata faida juu yake.

Lakini tazama kinachotokea. Kijana yule yule aliyeitwa mvivu nyumbani anaamka saa kumi na moja alfajiri. Ananyeshewa, anapigwa na vumbi, anasumbuana na abiria, analala saa tano usiku. Anaweka akiba ya matengenezo. Hakuna anayemsukuma. Kwa nini? Kwa sababu anajua mambo matatu: analipa kiasi gani, kinachobaki ni cha nani, na tarehe gani chombo kitakuwa chake.

Sasa mrudishe huyo kijana kwenye shamba la mzee. Anapalilia, anachuma, anakata majani ya ng'ombe, anabeba kahawa kwenda chama cha msingi. Malipo yakija yanaingia kwa mzee. Kijana akiuliza, anajibiwa, "Unakula wapi? Unalala wapi?" Akiuliza sehemu yake ni ipi, anaambiwa, "Hivi vyote ni vyenu."

Ndugu zangu, hilo neno "vyote ni vyenu" lina upendo ndani yake, lakini halina hesabu. Ni vyetu sisi akina nani? Lini? Mimi niliyebaki hapa nikipalilia miaka kumi, nitapata sawa na kaka aliyeko Dar es Salaam anayekuja Krismasi tu? Nikipanda miparachichi 30 leo, itakuwa ya nani mzee akiondoka? Hakuna anayejibu. Kwa hiyo kijana anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: anaenda kwenye kazi yenye majibu.

Na ushahidi kwamba hawakimbii kilimo ni nyie wenyewe mnaosoma hapa. Wapo vijana kutoka milimani ambao wako Kahe na maeneo mengine ya tambarare, wamekodi ekari moja au mbili za mtu baki, wanalima nyanya, vitunguu au tikiti. Wanalipa kodi ya shamba kwa hela taslimu, wakati juu nyumbani kihamba cha baba kina mibuni iliyozeeka na migomba isiyo na samadi. Kijana wa namna hiyo utamwitaje mkimbia kilimo? Yeye amekimbia kitu kingine.

Babu yako hakusubiri msiba

Wazee wanapenda kusema kwamba zamani vijana walipenda shamba. Ni kweli, lakini hebu tukumbushane walilipataje.

Kwa desturi ya Wachagga, kijana alipofika umri wa kuoa alitafutiwa kihamba chake. Baba alimkatia sehemu, au ukoo na mangi wakampa ardhi mpya. Kifungua mimba alikuwa na nafasi yake, na kitinda mimba alibaki na wazazi akarithi nyumba na kihamba cha nyumbani. Wa katikati walitafutiwa kwingine. Kwa maneno mengine, kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa tayari na mipaka yake, migomba yake na mfongo wake wa maji wa kupangiana zamu na majirani. Kahawa ilipopamba moto, naye alikuwa na mibuni yake. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa huku, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Mkulima aliuza kahawa ya kihamba chake, kwa jina lake.

Babu alikabidhiwa akiwa hai baba yake, akiwa na nguvu, akiwa na mke mdogo na hamu ya maisha. Hakuambiwa asubiri.

Kilichobadilika ni ardhi. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu kama laki sita na nusu katika mkoa wa Kilimanjaro. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,861,934. Mlima haukuongezeka. Ardhi ya kumkatia kila kijana haipo tena, kwa hiyo desturi ya kukabidhi mapema imekufa polepole, na kilichobaki ni kusubiri mzee afariki.

Piga hesabu ndogo. Mzee amezaa akiwa na miaka 28. Mungu akamjalia akaishi hadi 80. Mtoto wake analipata shamba akiwa na miaka 52. Hapo ameshasomesha watoto, ameshajenga kwingine, magoti yameanza kuuma. Unamkabidhi mtu wa miaka 52 mibuni ya miaka 60 halafu unashangaa kwamba ameuza viwanja?

Mfumo wa zamani ulikuwa na dosari, na kubwa kuliko zote nitaigusa hapo mbele. Lakini kwenye jambo hili moja ulikuwa na akili kuliko tunavyofanya sasa: ulimpa kijana mamlaka wakati bado ana nguvu ya kuyatumia.

Nani ashike msumeno?

Wengine wataniambia, "Bwana shamba, mamlaka ni maneno tu, kijana afanye kazi." Hapana. Naomba nionyeshe kwa kitu cha shambani kabisa: kisiki cha mbuni.

Mbuni uliozeeka, wenye matawi marefu na matunda machache ya juu juu, hauponi kwa kupogolea kidogo kidogo. Unahitaji kukatwa kisiki. Baada ya mavuno, kabla ya masika, unakata shina sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame. Machipukizi yakitoka unachagua mawili au matatu yenye afya, mengine unayaondoa. Kisha unasubiri. Kwa karibu misimu miwili kisiki hicho hakikupi mavuno ya maana. Baada ya hapo mti unarudi ujanani.

Sasa fikiria nani anaweza kufanya uamuzi huo. Mzee wa miaka 74 anaona kwamba kukata ni kupoteza hela ya dawa na ya ada ya mjukuu kwa miaka miwili, na hana uhakika kama atakuwepo kula mavuno mapya. Anakataa, na kwa upande wake ana haki. Kijana wa miaka 27 anaona kwamba akikata leo, atavuna miaka mingi. Lakini msumeno hauko mikononi mwake. Akikata bila ruhusa, ameharibu mali ya baba. Asipokata, shamba linaendelea kuzeeka pamoja na mwenye nalo.

Ni hivyo hivyo kwa kung'oa mibuni ya zamani na kuweka aina bora zilizotolewa na TaCRI pale Lyamungo, zile zinazovumilia chulebuni na kutu ya majani. Ni hivyo hivyo kwa kuleta mtamba wa maziwa aliye bora, au kupanda parachichi la kuunganishwa linaloanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Kila uwekezaji wa maana shambani unamtaka mtu aumie leo ili ale kesho. Anayeweza kuumia kwa moyo ni yule mwenye uhakika kwamba hiyo kesho ni yake.

Ndiyo maana vijana wengi wanaopewa kona ya shamba bila makubaliano wanapanda mboga za miezi mitatu tu. Siyo kwamba hawajui faida ya mazao ya kudumu. Wanapanda kitu ambacho wanaweza kukivuna kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Si ni bei tu?

Hoja hii naisikia sana: kahawa ikilipa, vijana watarudi wenyewe, mengine ni porojo. Ina ukweli ndani yake. Shamba lisiloingiza kitu haliokolewi na mkataba wowote, na vijana walioiacha kahawa wakati bei iko chini walikuwa na sababu ya msingi.

Lakini tumepata nafasi ya kulipima hilo. Desemba 2024 bei ya arabika kwenye soko la dunia ilivunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1977, na mwanzoni mwa 2025 ikavuka dola 4 kwa ratili. Nilichokiona kwenye ziara zangu ni hiki: kwenye nyumba ambazo kijana alikuwa tayari na sehemu yake inayojulikana, bei ile iligeuka miche, mbolea na pampu. Kwenye nyumba ambazo kila kitu kilikuwa cha "wote", bei ile ilileta ugomvi. Ndugu ambao hawakuwahi kuuliza habari za mibuni walianza kupiga simu kuuliza mgao.

Kwa hiyo bei nzuri ni kama mvua. Inaotesha kilichopandwa, na kama hapakupandwa makubaliano, inaotesha magugu.

Hofu ya mzee ni ya kweli

Kabla sijaenda kwenye nini kifanyike, naomba nyie vijana mniruhusu nimtetee mzee kidogo.

Mkulima wa kawaida hana pensheni. Shamba ndiyo bima yake ya afya, ndiyo heshima yake kwenye ukoo, ndiyo sababu watoto wanapiga simu. Ameshaona kijijini mzee mwenzake aliyegawa kila kitu mapema, halafu akawa anaomba hela ya sabuni kwa mkwe. Ameshaona kijana aliyepewa ekari akaiuza kimya kimya kwa mtu wa mjini. Ukimfuata mtu mwenye hofu hiyo ukamwambia, "Mzee, nigawie sehemu yangu," yeye anasikia, "Mzee, lini unakufa?"

Kwa hiyo kijana, usidai urithi. Urithi ni mambo ya baada ya mazishi. Wewe dai mkataba, kama ule wa pikipiki. Kwenye mkataba tajiri hapotezi chombo chake siku ya kwanza. Anaendelea kupokea kila siku, na chombo kinahama mkono polepole, kwa kadiri kijana anavyoonyesha uaminifu. Mzee anabaki tajiri, na wewe unakuwa mwenye safari. Hilo anaweza kulisikiliza.

Mkataba wa shamba uwe na nini

Si lazima uwe na karatasi ndefu. Kurasa mbili za daftari zinatosha, ila mambo haya matano yasikosekane.

1. Kipande kinachojulikana. Msiseme "ile sehemu ya kule bondeni". Pimeni, wekeni alama, hesabuni miti. Kwa mfano, robo ekari ya mibuni iliyopandwa kwa nafasi ya zamani ya mita 2.7 kwa 2.7 ina miti kama 135. Andikeni 135, pamoja na idadi ya migomba na miti ya mbao. Kama hamtaki kuanza na ardhi, anzeni na ng'ombe mmoja au banda moja la kuku.

2. Nani anaamua nini. Ndani ya kipande hicho kijana anaamua kukata visiki, aina ya miche, mbolea na mahali pa kuuza. Mambo makubwa kama kuuza ardhi, kuweka rehani au kukata miti mikubwa yanabaki kwa familia nzima. Mzee anashauri, na kijana anasikiliza kwa adabu, lakini uamuzi wa kila siku ni wa kijana. Akikosea, hasara inaandikwa kwenye daftari lake.

3. Daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila kilichoingia na kila kilichotoka kiandikwe siku hiyo hiyo, na stakabadhi za chama cha msingi zipigwe picha kwenye simu. Pangeni siku moja kila mwezi ya kusoma hesabu mbele ya wazazi wote wawili. Mama asiachwe nje, maana nyumba nyingi yeye ndiye anayejua ukweli wa shamba.

4. Fungu la wazee. Hili ndilo litakalomtuliza mzee. Kubalianeni kiasi. Inaweza kuwa sehemu ya mapato baada ya gharama, kwa mfano nusu kwa nusu miaka mitatu ya mwanzo, halafu robo tatu kwa kijana na robo kwa wazazi. Mbali na hapo, ndizi na maziwa ya nyumbani yasihesabiwe kabisa. Na kwa ile miaka miwili ambayo visiki havizai, semeni mapema wazazi watapata nini. Maharage kati ya mistari? Kiasi kidogo cha kila mwezi kutoka kwenye kazi nyingine ya kijana? Au mkate visiki kwa awamu, theluthi moja kila mwaka, ili mavuno yasikatike yote kwa pamoja. Mimi napenda hii ya mwisho, kwa sababu inampa mzee kahawa ya kuuza huku inamwonyesha kwa macho yake mti mpya unavyozaa.

5. Tarehe, na mlango wa kutokea. Andikeni mkataba ni wa miaka mingapi, na ukiisha nini kinafuata: kipande kinaongezeka, au kinaandikishwa kwa jina la kijana. Andikeni pia nini kitatokea mmoja akivunja. Kijana akiondoka katikati, miti aliyopanda inathaminiwaje? Mzee akighairi, anamrudishia kijana gharama zipi? Watu wanaona aibu kuandika mambo haya kati ya baba na mtoto. Aibu hiyo ni ndogo kuliko ya kusimama mbele ya baraza la ardhi.

Mkimaliza, saini ziwekwe mbele ya mashahidi, mmoja upande wa ukoo na mmoja kiongozi wa kitongoji au kijiji. Ndugu wote waambiwe, hata walioko mbali. Siri kwenye mambo ya ardhi huwa inalipuka siku ya matanga.

Kumbukeni kwamba mkataba huu hauchukui nafasi ya wosia, wala hauchukui nafasi ya hati. Kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa mtu mmoja, kwa familia au kwa kundi la watu, na kisheria hadhi yake ni sawa na ya hakimiliki ya kupewa na serikali. Ulizeni ofisi ya kijiji chenu, na mkipata msaidizi wa kisheria aliye karibu mwonyesheni karatasi yenu kabla ya kusaini.

Na mabinti je?

Niliahidi kuigusa dosari ya mfumo wa zamani. Ni hii: kifungua mimba na kitinda mimba waliotajwa walikuwa wa kiume. Binti alihesabiwa kuwa mtu wa kupita.

Mimi natembea mashambani, na nasema nilichokiona. Kwenye nyumba nyingi anayejua ng'ombe anapandishwa lini, nani anadaiwa hela ya maziwa na mbuni upi una ugonjwa, ni binti. Familia inatafuta mrithi Dar es Salaam na Arusha, inabembeleza kaka ambaye hataki, wakati mwenye moyo wa shamba anakamua zizini. Halafu tunasema vijana hawapendi kilimo. Vijana gani tunaowaangalia?

Sheria ilishasema. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua, katika kesi ya shamba la ukoo huko Kagera, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi kama mwanamume. Kifungu cha 20 cha ile ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema mila inayowanyima wanawake haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kwa hiyo mzee akisema "mila haziruhusu", mwambieni kwa upole kwamba nchi imeshavuka hapo. Na kwa hesabu ya biashara tu, kampuni inayokataa nusu ya waombaji wake kabla ya kuwasikiliza haiwezi kupata meneja mzuri.

Utaanzaje mazungumzo

Huku kwetu muda mzuri ni Desemba. Ndugu wanapanda kutoka mijini, nyumba imejaa, na stakabadhi za msimu zipo mkononi. Tena Januari na Februari ndiyo wakati wa kukata visiki, kwa hiyo makubaliano yanaweza kuanza kazi mara moja, kabla maneno hayajapoa.

Usiende peke yako ukiwa na hasira. Tafuta mtu ambaye mzee anamsikiliza: baba mkubwa, mjomba, shangazi, au mzee wa kanisa au msikiti. Mweleze kwanza yeye. Ukikaa mbele ya mzee, anza na shukrani, halafu weka daftari mezani. Kama umelima nyanya kwenye shamba la kukodi, mwonyeshe hesabu zako za misimu miwili. Hakuna maneno yanayomshawishi mzee kama kuona mtoto wake anaandika hasara zake bila kuzificha. Na omba kidogo. Robo ekari inayosimamiwa vizuri kwa miaka mitatu itakuombea ekari nzima.

Inawezekana mzee akakataa. Wapo watakaokataa, na hamtawabadilisha kwa kelele. Katika hali hiyo, kodi shamba lako na uendelee na maisha bila kujiona msaliti. Usipande miti ya miaka 30 kwenye ardhi ambayo hakuna aliyekuhakikishia, hata kama ni ya baba yako. Msaidie mzazi kama mtoto, na fanya biashara kama mfanyabiashara. Ukichanganya hivyo viwili utaishia na kinyongo kwenye vyote.

Na ukipewa mkataba, uheshimu. Fungu la wazee litoke kwa tarehe, hata mwaka ambao soko limeanguka, kama vile mwenye boda anavyopeleka hesabu siku ya mvua. Ukianza kukwepa, umewaharibia vijana wote wa kitongoji chenu, maana mzee wa jirani anakutazama wewe kabla hajaamua juu ya mwanae.

Mwaka 2011 FAO iliuweka mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, wilayani Moshi, kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haipalilii. Kihamba kimefika hapa kwa sababu kila kizazi kilimpa kijana mmoja panga na kumwambia: kuanzia mpaka huu hadi ule, wewe ndiye mwenye kauli. Siku tulipoacha kulisema hilo neno ndipo vijana walipoanza kushuka mlimani.

Kwa hiyo mzee akikuuliza tena kwa nini vijana wanapenda pikipiki, mjibu kwa heshima: kwa sababu pikipiki ina mkataba, mzee. Tuandike na wa shamba.

Kama familia yenu imeshafanya makubaliano ya aina hii, tuandikieni yamekwendaje, mazuri na mabaya. Wenzenu watajifunza. Msimu mwema.